Kivuli cha kahawa hupogolewa: neno kwa wanachama wa vyama vya msingi Kilimanjaro

Ingia kihambani, shamba lako la nyumbani la migomba na kahawa, saa sita mchana, siku ya jua kali, usimame katikati ya mibuni uangalie chini. Ukiona ardhi nzima inang'aa, mibuni yako inaungua. Ukiona giza tupu na majani bado yana unyevu wa asubuhi, unaukaribisha chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Kinachotakiwa ni madoa: jua na kivuli vimechanganyika, kivuli kikichukua kama theluthi ya ardhi au kuzidi kidogo.

Nimefuatilia vihamba viwili vinavyopakana, vya ndugu wa ukoo mmoja. Mmoja aliwauzia wapasua mbao miti yake yote ya kivuli, miringaringa. Msimu uliofuata mibuni ilizaa hadi matawi yakainama, naye akaniita nione. Mwaka wa pili matawi yalikauka kuanzia nchani, na buni zikawa nyepesi kama makapi. Mbuni usio na kivuli huzaa kupita nguvu zake. Nduguye hakugusa mti wowote kwa miaka, na migomba yake ilijazana. Mibuni yake ni mirefu, myembamba, na haina matunda ya maana. Wote wawili wanaipenda kahawa. Ila kivuli hakuna aliyekifanyia kazi.

Arabika hupendelea joto la nyuzi 18 hadi 22. Utafiti kuhusu kahawa ya Tanzania uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba joto la usiku likipanda kwa nyuzi 1, hekta moja hupoteza wastani wa kilo 137. Usiku hatuna uwezo wa kuupoza. Mchana tunauweza: miti hupunguza ukali wa jua, hukinga upepo mkavu, na majani yake hutunza unyevu udongoni ile Januari na Februari ambapo mifereji inapungua maji.

Mti ninaouamini kuliko yote ni mruka. Majani yake ni madogo, hupitisha mwanga, na kwa kuwa ni wa jamii ya kunde huongeza naitrojeni udongoni. Kila gramu ya naitrojeni inayotoka kwenye mti ni gramu usiyoinunua kwenye mfuko, na mbolea za viwandani ni chanzo kikubwa cha hewa chafu inayotoka shambani. Mringaringa ufuate: maua yake nyuki huyapenda, na mbao zake ni akiba ya ada ya watoto. Mgrevilea nao unafaa, maana huvumilia kukatwa. Kwa parachichi nasema tahadhari. Bei imewavutia wengi, nami siwalaumu, lakini kivuli chake ni kizito, uweke pembezoni. Mkaratusi usiusogeze kabisa karibu na kahawa. Kwa miti mikubwa anza na nafasi ya mita 10 kwa 10, kama miti 40 kwa eka, kisha punguza kadiri inavyotanuka.

Pogoa kabla ya masika, mwishoni mwa Februari au mapema Machi. Mvua na baridi vikija, hewa na mwanga viwe tayari vinapita, maana hapo ndipo chulebuni hushambulia. Kiangazi kikirudi, mti umeshachipua na kufunika tena. Anza na matawi ya chini, usikate kichwa chote kwa mara moja. Majani yatandaze chini ya mibuni, ukiacha nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye shina. Siku hiyohiyo ondoa na maotea ya mibuni, yale machipukizi yasiyohitajika yanayoota kwenye shina. Kivuli kizuri juu ya mbuni uliojaa maotea ni kazi bure.

Kuna kazi ambazo mkulima peke yake haziwezi, na hapo ndipo chama kinapohitajika. Kitalu cha miruka na miringaringa kikae pamoja na miche chotara ya TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, mwanachama achukue vyote kwa safari moja. Maganda ya kiwanda cha kumenyea yasimwagwe mferejini: yanaharibu maji ya wenzetu wa chini, na yakiozea majini hutoa methani, hewa inayoongeza joto la dunia. Yalundikwe kwenye kivuli, yachanganywe na samadi na majani makavu, yageuzwe kila baada ya wiki chache, kisha yagawiwe kwa wanachama kama mboji.

Halafu kuna sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023, inayokataa kahawa iliyolimwa penye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu ya GPS, alama ya mahali lilipo. Vijana wawili wenye simu wanaweza kuzunguka kijiji, nyumba kwa nyumba. Wakiwa hapo kihambani wahesabu na miti ya kivuli, aina kwa aina, waandike kwenye daftari la chama. Hesabu hiyo ndiyo itakayoiambia kamati ya kitalu ioteshe miruka mingapi.