SOMO: Mkopo wa kukatwa kila mwezi kwa askari na wastaafu (soma yote kabla hujauliza)

Kuanzia Amu hadi Malindi swali ni lile lile, "nikopeje bila kuumia?", nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Hatua ni hizi.

1. Hati za mshahara, kitambulisho, taarifa ya benki.

2. Toa ripoti yako ya CRB (kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo yako). Nakala moja kwa mwaka ni bure.

3. Theluthi ya mshahara ibaki mkononi. Mshahara 60,000, basi kodi na mikopo yote isipite 40,000.

4. Hapa ndipo watu huzama. Usiulize "asilimia ngapi", uliza asilimia ya nini. Chukua 300,000 kwa miaka 3, riba 14%. Ikihesabiwa kwa salio linalopungua, unakatwa kama 10,253 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwa mkopo wote hadi mwisho, ni 11,833. Kwa miaka yote 3 tofauti inakaribia 57,000, na tangazo ni lile lile la 14%! Dai jedwali la malipo kabla ya sahihi. Usitazame mstari wa kwanza, kwani mwezi wa kwanza riba ni 3,500 kote kuwili. Shuka hadi mwezi wa 30: ikiwa bado ni 3,500 badala ya kama 800, inuka uondoke. Tazama pia ada na bima: zikikatwa mapema unapokea pungufu, lakini riba unalipia 300,000 kamili.

5. Mkopo uishe kabla ya tarehe ya kustaafu. Pensheni haitoshi makato ya mshahara.

6. Ukimaliza, peleka barua ya kumaliza deni ofisi ya mishahara. Makato hayajisimamishi.

MASWALI

Baharia wa Mokowe: Nataka laki 2 leo, wapi?
— Hatua ya 1 hadi 6.

Baharia wa Mokowe: Ndefu mno. Si sheria ya ajira inanilinda na makato?
— Haikulindi. Ile ya Kenya ya 2007, kifungu cha 3, imeliacha jeshi nje. Waulize ofisi yenu ya mishahara utaratibu wao.

Bi Malindi: Shikamoo mwalimu. Babangu ni mstaafu, shailoki (mkopeshaji wa mtaani) anataka kukaa na kadi yake ya ATM na namba ya siri.
— Marahaba bibie, umeuliza la maana. Asimpe. Mwenye kadi hujikatia atakacho, na risiti huoni. Kama keshaitoa, aende benki na kitambulisho, kadi ifungwe apewe nyingine. Deni halifutiki kwa hilo: alilipe kwa agizo la kudumu la benki (benki itume malipo yenyewe kila mwezi), ushahidi ubaki.

Kijana wa Shela: Binamu yuko jeshi la Marekani, nao wanaumizwa hivi?
— Kuna sheria ya 2006: gharama za mkopo zisizidi 36% kwa mwaka, kwa aliye kazini na mkewe. Akishatoka jeshini haimlindi tena. Kwa sheria nyingine, deni alilochukua kabla ya kujiunga anaweza kuomba riba ishushwe hadi 6%.

Mke wa Askari: Nyongeza. Anayelipa deni mwenyewe kwa simu, akipelekwa msitu wa Boni aweke agizo la benki kabla ya kuondoka. Namba ya uthibitisho ikitumwa yuko msituni bila mtandao, haimfiki.
— Ahsante dada, hiyo naiongeza.

Baharia wa Mokowe: Sawa, ila hiyo laki 2?
— Ripoti ya hatua ya 2 unayo?

Baharia wa Mokowe: CRB ndiyo nini?