Udi wa Kijapani na mishumaa yao: jinsi ya kuutumia utulie kweli

Sisi tunasema "nasikia harufu", na Wajapani kwenye sanaa yao ya udi, kodo, nao wanasema hivo hivo, udi unausikiliza. Ndo maana mi naupenda sana, hautaki haraka.

Vijiti vyao vinaitwa senko. Ndani hamna kijiti cha mwanzi kama vile vya Kihindi, ni unga wa gome la mti uitwao tabu umekandwa na manukato basi, kwa hiyo husikii ile harufu ya mti unaoungua. Pakiti ikiandikwa byakudan ni sandali, jinko ndo udi wenyewe hasa, ule ule tunaofukiza kwenye chetezo, ila bei yake inauma, we anza na byakudan. Vingi vinatoka kisiwa cha Awaji, na kitabu cha kale Nihon Shoki kinasimulia kwamba mwaka 595 gogo la udi lilisukumwa na mawimbi hadi hapo, watu wakalitia jikoni kama kuni, kusikia ile harufu wakalipeleka kwa mtawala!

Sasa kuwasha. Zima feni, dirisha acha wazi kidogo tu. Washa ncha, ikishika vizuri punga mkono mwali uzimike, usipulize kwa mdomo, kwao pumzi ya mdomo haipelekwi kwenye udi wa ibada na hata nyumbani ni adabu nzuri. Chomeka kwenye bakuli la majivu laini yaliyochekechwa, usiyashindilie. Kijiti cha sentimita 14 hivi kinaenda karibu nusu saa, chumba kidogo vunja nusu. Kama kuna mwenye pumu ndani, acha kabisa.

Mshumaa wao, warosoku, unatokana na nta ya matunda ya mti wa haze, utambi wake ni karatasi ya washi iliyozungushiwa moyo wa nyasi za igusa na katikati ni tundu, hewa inapanda toka chini ndo maana mwali unakuwa mrefu na unacheza hata kama hamna upepo, mi naweza kuukodolea macho mpaka nasahau simu iko wapi. Tafuta kinara chenye mwiba. Utambi ukirefuka mwali unakua mno, ukate kwa koleo dogo, kile kipande kiweke kwenye kisahani cha chuma maana bado kina moto. Usichanganye na mishumaa ya manukato, zitagombana harufu.

Kijiti kikiisha usiinuke, kaa dakika kumi hivi, harufu inayobaki kwenye mapazia ndo tamu kuliko yote.