Kuingia kwenye klezmer kwa klarineti: jifunze kupiga kite

Wiki hii nilikaa na mwanafunzi wangu, mpigaji fidla wa taarab aliyeazima klarineti. Alitaka klezmer, muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Nilimpitisha hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza wapigaji klarineti wawili tu. Naftule Brandwein, mzaliwa wa Galicia ya Ulaya Mashariki mwaka 1884, na Dave Tarras, aliyetoka Ukraine akafika New York mwaka 1921. Zamani fidla ndiyo iliyoongoza. Kwenye santuri za New York za miaka ya 1920, klarineti imeshika usukani. Tarras ni nadhifu, Brandwein analia. Anza na Brandwein.

Hatua ya 2: Ngazi. Inaitwa freygish: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Mtu wa taarab ataitambua mara moja, ni ndugu wa maqamu ya Hijazi. Klarineti ya B flati inatosha, usihangaike na ya C.

Hatua ya 3: Kite. Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi hao, ni krekhts, mlio wa mtu anayegugumia kwa uchungu. Hapa nilipoteza jioni nyingi nikidhani ni kutikisa kidole haraka haraka. Sivyo. Shika G ya wazi (bila kufunga tundu lolote), ndefu. Inapokaribia kwisha, gusa kitufe cha A kwa kidole cha shahada cha kushoto na papo hapo bana koo, kama kilio kinapokukwama. Hiyo A isisikike kama noti kamili, isikike imekatika. Ulimi ukae mbali: ukiutumia, utapata "ta" ya gwaride. Midomo nayo usiibane, sauti itapanda. Mwanafunzi wangu alishindwa mpaka nilipomwambia aweke klarineti chini, aguse koo kwa vidole viwili na kuimba. Alipousikia mbano vidoleni, ala ikafuata. Usipige kite kwenye kila noti. Kimoja au viwili kwa kifungu vinatosha. Ukijifunza kwa rekodi, punguza kasi kwa programu isiyoshusha kimo cha noti. Na ikiwa noti hazilingani na zako, usiilaumu klarineti kwanza: huenda santuri ilizungushwa kwa kasi isiyo yake.

Hatua ya 4: Doina, kipande cha kulia kisichofuata mapigo. Zima metronomu. Mwenzako ashikilie kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja), wewe lia juu yake utakavyo, kisha rukieni bulgar, wimbo wa dansi, pamoja ili watu wainuke kucheza.