Peke Yako, Mwanza Hadi Bukoba, Sauti Juu

Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo ni kilomita 400 na ushee. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena, na dereva aliye peke yake anaweza kukaa na muziki wake kuanzia asubuhi hadi alasiri bila mtu wa kumwambia punguza. Raha ya jambo hilo haihitaji maelezo. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini wengi hufika masikio yanavuma, twita moja (spika ndogo ya sauti za juu) imeungua na nafsi inawasuta. Mara nyingi ni kwa sababu sauti ilipandishwa Buhongwa, pembeni mwa Mwanza, ikaachwa palepale hadi Kemondo, karibu na Bukoba. Sauti hubadilishwa kama gia, kwa kuangalia barabara iliyo mbele yako.

Muziki wenyewe

Magari mengi madogo ya hapa, IST, Vitz, Passo, Raum, yametoka Japani, na redio zake za awali hupokea FM ya 76 hadi 90 tu. Ukichomeka modyuleta, kile kifaa kinachorusha nyimbo zako kwenye redio kwa FM, kwenye tundu la kuchajia, itasikika kati ya 87.5 na 90 peke yake. Tafuta namba mbili zisizo na kituo katika nafasi hiyo, uziandike, kwa sababu namba iliyo tupu Nyegezi inaweza kuwa na kituo ukifika Geita. Hata ikitulia, FM haibebi sauti za juu kupita kilohezi 15, na modyuleta za bei rahisi huongeza mkwaruzo. Kama redio ina tundu la flashi au la waya wa AUX, achana na modyuleta kabisa.

Flashi iwe ya GB 32 au chini ya hapo, na iwe imefomatiwa FAT32, yaani mpangilio wa faili unaochaguliwa kwenye kompyuta. Redio nyingi za zamani hazisomi exFAT wala NTFS. Zinaonyesha maandishi ya kosa au zinakaa kimya. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa kbps 320 hula takriban MB 9.6, kwa hiyo hata GB 16 hubeba nyimbo zaidi ya 1,500. Redio nyingi pia hupiga nyimbo kwa mpangilio wa kunakiliwa, hazijali majina. Ukitaka folda zifuatane, nakili moja, isubiri iishe, kisha ya pili. Usiziburute zote kwa pamoja.

Kuna kero moja inayowapata wapenzi wa nyimbo za zamani. Dansi la miaka ya 1970 lilirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko bongo fleva ya leo. Unapandisha redio ili usikie gitaa vizuri, wimbo unaisha, unaofuata unakupiga kibao cha sikio. Pitisha nyimbo zote kwenye programu ya kusawazisha sauti kama MP3Gain, iache kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 89 inazoanza nazo, ndipo unakili. Kazi ya nusu saa nyumbani inakuondolea sababu ya kugusa redio mara mia njiani.

Sasa tafuta kikomo cha redio yako. Rudisha besi na trebo kwenye 0, zima kitufe cha LOUD, weka wimbo unaoujua neno kwa neno, kisha pandisha polepole gari likiwa limesimama. Pale sauti ya mwimbaji inapoanza kukwaruza, rudi nyuma hatua mbili. Namba hiyo ndiyo dari. Kwa redio ya 0 hadi 40 mara nyingi huangukia karibu na 30. Maandishi ya "50W x 4" usoni mwa redio yasikudanganye. Nguvu halisi inayotoka kwa mfululizo ni kama wati 20 kwa kila spika. Ukiongeza besi kwa desibeli 6 unaidai mara 4 ya nguvu katika sauti za chini. Haina. Inachofanya ni kukata vichwa vya mawimbi, na nguvu ya sauti za juu inayozalishwa hapo inakwenda kuunguza twita, ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kabla ya kulaumu spika kwa besi dhaifu, sogeza balansi yote kushoto, kisha yote kulia, kisha katikati. Besi ikiwa nzito upande mmoja mmoja lakini ikapotea katikati, spika moja imefungwa chanya kwa hasi. Geuza nyaya zake mbili, huna haja ya kununua kitu. Milango ikitetema, anza na vitu vidogo: sarafu kwenye mfuko wa mlango, jeki iliyolegea, kibao cha namba ya gari. Ukibadilisha spika, za inchi 6.5 huingia kwenye milango mingi ya Toyota kwa kuongezewa pete ya plastiki. Bandika sponji kuzunguka pete ili hewa ya nyuma ya spika isichanganyike na ya mbele.

Kwa mwenye sabufa na ampli (kikuza sauti), waya wa chanya utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo inalinda waya. Ikiwekwa huko nyuma karibu na ampli, waya ukisuguliwa na kugusa bodi mahali popote katikati, hakuna cha kuuzuia usiwake moto. Waya wa hasi uwe mfupi, chini ya nusu mita, na rangi ya bodi pale unapofungwa ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Nyaya za mawimbi, zinazobeba muziki kutoka redio hadi ampli, zipite upande mwingine wa gari, zisiandamane na waya wa umeme, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Na uliza waya ni shaba tupu au ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene uleule, alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme mdogo kuliko shaba tupu na hupata joto mapema. Fundi asiyetaka swali hilo, mwache.

Masikio

Kipimo kinachotumika kwa wafanyakazi wa viwandani ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Pakua programu ya kupimia sauti, shika simu usawa wa sikio gari likiwa limesimama, uangalie redio yako inatoa ngapi kwenye namba 15, 20 na 25. Simu haina usahihi wa kifaa cha maabara, lakini itakuonyesha kama uko 82 au 97.

Vioo vikiwa wazi, upepo unafunika muziki na mkono unakwenda kwenye redio wenyewe. Funga vioo, washa kiyoyozi, shusha sauti. Utasikia zaidi kwa desibeli chache. Mafuta kidogo yatakayoongezeka ni bei nafuu kuliko sikio.

Kipande kwa kipande

Ondoka saa 12 asubuhi. Kutoka mjini hadi Buhongwa ni Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, yaani daladala zinazosimama ghafla na bodaboda zinazopita kila upande. Hapa unahitaji masikio kuliko macho. Sauti iwe ile ambayo mtu aliyekaa kiti cha pembeni angeweza kuongea nawe bila kupaza. Rumba inatosha.

Usagara unakata kulia, na baada ya hapo unaweza kupandisha. Darajani usisimame kupiga picha wala kurekodi huku unaendesha. Upepo wa ziwani hupiga ubavuni, gari jepesi linausikia, shika usukani kwa mikono miwili. Wimbo wa darajani uchague mapema, uwe wa kwanza kwenye folda yake, kwa sababu kuutafuta kwenye simu ukiwa katikati ya maji ni upumbavu mtupu.

Kutoka Busisi hadi Geita, vijiji vinakuja kwa kufuatana, na kila kibao cha 50 ni cha kweli. Trafiki wenye tochi ya kupima kasi hukaa pale mteremko unapokuvuta, na kosa moja ni faini. Hapa ndipo mdundo unapogharimu pesa. Muziki wa kasi husukuma mguu wa kulia bila mwenyewe kujua, na singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ndiyo hatari kuliko zote. Weka dansi, taarabu au injili ya taratibu kwenye vipande vyenye vibao vingi. Singeli ihamishie mahali ambapo unakwenda polepole kwa lazima na unataka kuchangamka, kwa mfano nyuma ya lori la mizigo kwenye mlima.

Katoro na Buseresere shusha kabisa. Soko linaingia barabarani, watu wanavuka na mizigo kichwani, na honi ya basi iliyo nyuma yako lazima uisikie. Kuanzia Bwanga barabara inafunguka, vijiji vinapungua, mtandao wa simu unakatika mara kwa mara, na hapo nyimbo za flashi zinaonyesha thamani yake. Hiki ndicho kipande cha kula bata: gonga dari uliyoipima, mradi isizidi desibeli 97, kwa nusu saa, kisha rudi chini. Ukiona vumbi au fimbo ya mchungaji mbele, zima besi kabla hujalifikia kundi. Ng'ombe aliyeshtuka hakimbilii porini, anakimbilia lami. Kati ya Biharamulo na Muleba barabara hupita eneo la hifadhi, na wanyama hawajasoma alama.

Baada ya Muleba kona na migomba huanza kubana. Kona zinataka utulivu.

Sauti ambazo muziki umezificha

Aliye na abiria ana masikio ya ziada. Peke yako huna. Beringi ya gurudumu inayoanza kufa huvuma, na mvumo hubadilika ukikata kona. Jointi ya ekseli hugonga unapokata usukani kabisa. Pedi za breki zilizoisha hulia. Tairi linaloisha upepo hupiga kofi-kofi. Vyote hivyo viko chini ya sabufa. Kila nusu saa zima redio kwa dakika tatu, fungua kioo kidogo, sikiliza. Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, kwa hiyo tupia jicho dashibodi kila wimbo unapoisha.

Upepo wa matairi upime asubuhi yakiwa baridi. Kibandiko cha mlangoni huandika kPa: 220 ni PSI 32, 230 ni 33. Tairi la akiba nalo lipime. Ukisimama kula na kuacha muziki ukipiga injini imezimwa, hesabu hivi: mfumo unaokula ampea 10 kwa saa mbili umeshamaliza zaidi ya nusu ya betri ya Ah 35, na huenda injini isiwake.

Usingizi hauogopi muziki. Sauti kubwa na upepo usoni hukuamsha kwa dakika chache tu, kisha kichwa kinaanguka huku kiitikio kinaendelea. Saa 8 hadi saa 10 mchana ndiyo mbaya, hasa kama Geita ulimaliza ugali mkubwa na sangara. Kula nusu. Simama kila baada ya saa 2. Macho yakianza kuuma, egesha sehemu yenye watu, kunywa kikombe cha kahawa, lala dakika 20 ukiwa umefunga milango. Kahawa huanza kufanya kazi karibu na wakati unaoamka.

Pale nafsi inaposuta

Viti vinne vitupu, na watu wamesimama vituoni na watoto mgongoni: hilo huwauma wengi. Kupakia kwa nauli, yaani kufanya mchomoko, ni kosa bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na bima ya gari binafsi inaweza kukukana ajali ikitokea. Njia safi ni kutangaza safari siku mbili kabla kwa ndugu na majirani. Kuna mama wa mtu Muleba anayesubiri dawa au kiroba cha dagaa, na kuna mwanafunzi anayerudi chuo. Ukimchukua mtu, yeye ndiye mwenye haki ya kusema punguza.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litachoma takriban lita 30, na kila lita ya petroli hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa, jumla kama kilo 69 kwa ajili ya mtu mmoja. Basi lingegawanya mzigo huo kwa abiria wote. Ukiendesha 80 badala ya 110, ukashusha mizigo isiyohitajika na kuunganisha shughuli zako zote za Bukoba kwenye safari moja, utapunguza sehemu ya kweli. Majuto matupu hayapunguzi hata lita.

Turubai kando ya barabara na watu wamekaa chini kimya ni msiba. Zima redio kabisa, usisubiri ukaribie, besi hutangulia gari. Fanya vivyo hivyo kwenye shule, zahanati na msikiti wakati wa swala. Na nyumbani, waliobaki wana wasiwasi, nawe simu huisikii: panga kabla kwamba utatuma ujumbe Geita, Biharamulo na ukifika, gari likiwa limesimama.

Ukifika, rudisha redio kwenye namba 10 kabla ya kuzima, ili kesho ufunguo usiamshe nyumba ya mwenyeji saa 11 alfajiri. Wakati wa kurudi, mikungu ya ndizi ikae sakafuni nyuma ya viti, mbali na koni ya sabufa, na samaki wakae kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Maji yake yakiingia kwenye ampli, hakuna fundi Mwanza atakayeirudisha.