Ukienda Arboretum Nairobi, usiishie kwa nyasi

Watu wengi wa Nairobi nikiwauliza mlifanya nini Arboretum, ile bustani ya miti, wananiambia tulitandika leso kwa nyasi, tukapiga picha, tukatoka. Sasa hiyo nyasi si ni mlango tu jamani, utamu wenyewe uko chini kwa mto.

Kufika ni rahisi. Ukiwa tao shika Uhuru Highway mpaka raundabauti ya University Way, ingia State House Road, pita YMCA, halafu angalia Arboretum Drive mkono wa kulia. Ni kama kilomita tatu hivi na mimi hutembea, maana ukipanda boda unafika hata mwili haujaamka. Lakini hapo jirani ni Ikulu, kwa hivyo simu ikae mfukoni hadi uingie ndani, usianze kumwelezea askari eti ulikuwa unapiga picha za maua.

Kiingilio unalipa kwa simu, so hakikisha iko na chaji na Mpesa iko na kitu, nimeona watu wakikwama getini na noti mkononi. Na kama unakuja na bibi harusi na kamera kubwa uliza kwanza hapo getini, hiyo ni malipo ingine. Maji beba kwa chupa yako ya kujaza, zile za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku kwa misitu na mbuga zote tangu Juni 2020.

Chakula sasa. Kuna kima na kuna tumbili, msichanganye. Tumbili ni yule wa kijivu mwenye uso mweusi, kima ni mnene kidogo, manyoya ya giza na shingo nyeupe kama amefunga skafu, na huyo ndiye mwizi mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika mandazi, nimegeuka tu kuangalia ndege, nikasikia mkono mdogo wa baridi kwa vidole vyangu, hakunikwaruza wala nini, alichukua pole pole kama mtu anapokea chenji, akapanda mti akala akiniangalia. Kwa hivyo chakula kikae ndani ya begi, zipu imefungwa, na usiwalishe hata wakikuangalia kwa huruma, ukimpa mmoja wanakuja ukoo mzima.

Nenda asubuhi ya katikati ya wiki kama unaweza. Jumapili na sikukuu kunajaa mpaka kivuli cha kukaa unatafuta. Utapata wanaokimbia, na utapata watu wa maombi, wengine wanaomba kwa sauti ya juu sana huko kwa miti, usishtuke, pita tu pole pole, wamezoeleka.

Ukitembea soma vibao vya miti kwanza, ndio utaelewa uko wapi. Hapa hapakupandwa kwa ajili ya picnic. Miti ilianza kujaribiwa hapa 1907, reli ilikuwa imeshafika Nairobi 1899 na injini za treni zilikuwa zinakula kuni balaa, sasa serikali ya mkoloni ikataka kujua ni mti gani unakua haraka ikatwe ichomwe. Ndio maana utapata mikaratusi na wageni wengine wa kutoka mbali wamesimama na miti ya kwetu kwa hizo hekta 30. 1932 ndio pakatangazwa rasmi kuwa hifadhi, na leo kuna aina zaidi ya 350 za mimea. Mimi hucheka nikilala chini ya mti mkubwa wa zamani, eti huyu alikuwa awe kuni.

Ukimaliza vibao fuata njia inayoteremka mpaka usikie maji. Huo ni Kirichwa Kubwa, unaenda kuungana na mto Nairobi. Si mto wa kuogelea, umepita mitaa mingi kabla ya kufika hapa na siku zingine unanuka, nisikudanganye, lakini kelele ya magari inapotea kabisa, mianzi inalia ikisuguana, na ndege utawaona wengi kuliko huko juu. Vaa viatu vya kushika matope, sandals zitakuaibisha. Pia usiende peke yako kwa kona za ndani, na jioni rudi huko juu mapema kabla walinzi waanze kutoa watu.

Na ukisikia mvua ya Aprili imenyesha usiku kucha, hiyo siku baki tu kwa nyasi na wengine.