Kumnyanyua mkata miti kwa kreni: masharti ya usalama

Kreni imeundwa kunyanyua mizigo, si watu, na kwa hiyo kumpandisha mkata miti kwa kamba yake huwa ni hatua ya mwisho, inayofikiriwa pale ambapo mti umeoza au umepasuka kiasi kwamba kuukwea ni hatari zaidi, na gari lenye kikapu cha kuinulia watu halina njia ya kuufikia. Nchini Marekani, kiwango cha usalama wa kazi za miti kiitwacho Z133 kinairuhusu njia hii kwa mkata miti mwenye ujuzi unaostahili, tena kwa masharti.

Kabla ya kazi, opereta wa kreni, mpandaji (yaani mkata miti atakayenyanyuliwa) na msimamizi wakae pamoja wakubaliane juu ya kila kipande kitakachokatwa na mahali kitakapotua. Ardhi ikaguliwe kwa makini, hasa uani, ambako shimo la maji taka lililofunikwa kwa nyasi linaweza kuumeza mguu mmoja kati ya ile inayotandazwa kuituliza kreni. Kila mguu ukae juu ya mbao nene na pana. Kuhusu nyaya za umeme, kanuni za kreni katika ujenzi nchini humo zinaanza na umbali wa mita 6.1 kwa nyaya za hadi kilovolti 350, nami sioni sababu ya kuupunguza wakati kuna mtu anayening'inia.

Mpandaji avae mkanda wake wa kupandia na atumie kamba yake mwenyewe, iliyofungwa mahali maalumu kwenye kreni palipotengwa kwa ajili hiyo, ili kreni ikizimika aweze kujishusha. Kufunga huko kusizuie kifaa kinachosimamisha winchi (mtambo unaokunja na kukunjua kamba ya kreni) kabla ndoano haijagonga ncha ya mkono wa kreni. Kushusha kufanyike kwa nguvu ya injini, polepole, wala kamba isiachiwe ikaporomoka yenyewe.

Sharti linalovunjwa kwa urahisi ni lile la kutomchanganya mtu na mzigo. Mpandaji akishafika na kulifunga gogo kwa mikanda ya kunyanyulia, ajifunge kwenye shina, ajifungue kutoka kwenye kreni, kisha ashuke chini ya mahali atakapokata. Gogo bichi lenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 1 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.79, na kwa kuwa mbao nyingi mbichi zinakaribia uzito wa maji, hizo ni takribani kilo 800 zinazoiangukia kamba ya kreni kwa ghafla msumeno unapomaliza kukata. Kreni hutikisika, mkono wake hupinda kidogo na kurudi, na aliyefungwa hapo hurushwa pamoja nao. Ikiwa shina haliaminiki hata kwa kujifunga, ni afadhali kazi isimame na itafutwe kreni ya pili, moja imshike mtu na nyingine mzigo.

Wakati wote mtu akiwa juu, opereta asiondoke kwenye vidhibiti vya kreni, wala kreni isihamishwe. Mawasiliano ni ya redio au ishara za mikono zilizokubaliwa, na mtoaji wa maelekezo awe mmoja. Hata hivyo, neno "simama" linaweza kutolewa na yeyote, na opereta analitii bila kuuliza. Redio ikinyamaza, naye asimame. Mpandaji anaporudishwa chini, opereta asiguse winchi tena hadi amwone amesimama kwa miguu yote miwili na karabina, ile pete ya chuma iliyomfunga kwenye kreni, imefunguliwa.