Sass: anza na rangi tu kwanza
Wadau mnaojifunza kutengeneza websaiti hapa Dodoma, msiiogope Sass, yaani lugha inayorahisisha kuandika CSS (ile inayopanga rangi na mwonekano wa saiti). Chukua faili lako la CSS ulilonalo, libadilishe jina liishie na .scss, basi, linafanya kazi vilevile. Alafu anza na kitu kimoja, rangi. Mi juzi nilikua natengeneza saiti ya jamaa anauza mchuzi wa zabibu kule Hombolo, akataka zambarau iliyokolea zaidi, nikagusa mstari mmoja tu juu kabisa, $zambarau: #5b2a6e ($zambarau ni jina nililoipa rangi, ndilo nimeandika kila mahali badala ya namba yake), na saiti nzima ikafuata, vitufe, vichwa vya habari, kila kitu, raha sana yani!

Kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia amri) unaandika sass --watch mtindo.scss mtindo.css, unaiacha inajiendesha, kila ukisevu inakutolea CSS mpya, na ukishainstoo haili bando. Ila kwenye HTML unganisha ile .css, brauza haisomi .scss, hapa wengi wanakwama siku nzima.

Kingine, kuingiza faili moja la Sass ndani ya lingine, video za zamani zinafundisha @import, achana nayo inaondolewa, tumia @use. Na ukiita rangi toka faili la rangi.scss andika rangi.$zambarau, usisahau hilo jina la mbele.